Mtu wa Ndani: Historia ya Waigizaji wa Mashujaa wa Mavazi katika Televisheni ya Japani

Shujaa wa mavazi katika televisheni ya Japani huundwa na watu wawili. Wa kwanza ni kijana mwenye sura ya kupendeza, anayeonekana kabla shujaa hajageuka. Jina lake huandikwa mwanzoni mwa kipindi, na picha yake hubandikwa kwenye madaftari ya watoto. Wa pili ni yule anayeingia ndani ya vazi na barakoa, akapigana, akabiringika kwenye vumbi na kuruka mbele ya moto wa baruti, kisha akavuliwa kichwa cha bandia mahali ambapo hakuna mtoto wa kumwona. Wajapani humwita sutsu akuta, jina walilojitungia wenyewe kutoka maneno ya Kiingereza, au kwa mazungumzo ya kawaida naka no hito, yaani mtu wa ndani. Sanaa yenyewe huitwa tokusatsu, upigaji picha wa mbinu maalumu, na imekuwa chakula cha kila wiki cha watoto wa Japani tangu mwaka 1958.

Taabu za mtu wa ndani zimesimuliwa kwa namna nyingi: joto, kutoona vizuri, mifupa iliyovunjika, jina lisilotajwa. Shina lake ni moja. Ili mtoto aamini kwamba shujaa yupo kweli, mtu aliyemvaa hana budi kutoweka, na mwili wake ndio unaolipa gharama ya kutoweka huko.

Mizizi katika jukwaa la kale

Kuigiza ukiwa umefunikwa uso hakukuanza na televisheni. Katika Noh, tamthilia ya kale iliyopata umbo lake katika karne ya 14 na ya 15, mwigizaji mkuu huvaa barakoa ya mti yenye matundu madogo mno ya macho. Kingo za jukwaa hazioni. Hujiongoza kwa nguzo iliyo kwenye pembe ya mbele, ambayo kwa sababu hiyo huitwa nguzo ya kukazia macho. Kwa kuwa barakoa haikunji uso, kazi ya kuonyesha hisia huangukia shingo. Mwigizaji akiinamisha uso kidogo, kivuli huifunika barakoa na watazamaji huona huzuni. Husemwa ameitia wingu. Akiuinua, mwanga huipiga barakoa na furaha hujitokeza, husemwa ameing'arisha.

Kabuki nayo iliacha urithi wake. Baada ya wanawake kupigwa marufuku jukwaani mwaka 1629, wanaume walichukua nafasi zote za kike, na ufundi huo wa onnagata ukawa fani yenye heshima. Kabuki pia ilizoeza watazamaji kutowaona wasaidizi waliovaa nguo nyeusi, ingawa wamo jukwaani mchana kweupe. Na pale shujaa wa kabuki anapofika kilele cha tukio, husimama ghafla, akakaza mwili na kuganda kwa mkao wa kutisha. Kila mtoto wa Japani aliyewahi kuiga mkao wa shujaa wake wa televisheni uwanjani pa shule ameiga, bila kujua, jambo la kabuki.

Mpira wa kilo 100

Kazi ya mtu wa ndani kwa maana ya kisasa ilizaliwa katika sinema. Mwaka 1954 kampuni ya Toho ilitengeneza filamu ya Godzilla, ikiongozwa na Ishiro Honda, huku mbinu za picha zikisimamiwa na Eiji Tsuburaya. Marekani walikuwa na desturi ya kusogeza vinyago vidogo hatua kwa hatua mbele ya kamera, lakini njia hiyo ilidai muda ambao Toho haikuwa nao. Tsuburaya akaamua kumtia mtu ndani ya mnyama.

Mtu huyo alikuwa Haruo Nakajima, mzaliwa wa Sakata mwaka 1929, ambaye mpaka hapo alikuwa akipewa nafasi ndogondogo za askari na majambazi. Alishirikiana na Katsumi Tezuka. Vazi la kwanza lilikuwa na uzito wa takriban kilo 100 na lilikuwa gumu kama gamba. Nakajima alipolijaribu alikwenda kiasi cha mita 10 tu kabla ya kuanguka. Vazi hilo lilikatwa, nusu yake ya chini ikatumika kwa picha za miguu peke yake, na jingine jepesi zaidi likashonwa. Hata hilo jepesi lilimtoa jasho la kukusanywa kwenye chombo na kumwagwa kila alipovuliwa.

Nakajima hakukubali kuwa mzigo unaosukumwa. Alikwenda kwenye bustani ya wanyama ya Ueno, Tokyo, akatazama tembo na dubu wanavyotembea, jinsi wayo unavyotua na uzito unavyohama. Mwendo wa Godzilla ulitoka huko. Alimvaa Godzilla katika filamu 12, hadi mwaka 1972. Safari hiyo ya Ueno iliweka msingi wa kazi nzima: mtu wa ndani ni mwigizaji, hata kama hakuna anayeuona uso wake.

Shujaa wa kwanza wa televisheni

Mnamo Februari 1958 kituo cha KRT, ambacho leo ni TBS, kilianza kurusha Gekko Kamen, Barakoa ya Mbalamwezi. Huyu ndiye shujaa wa kwanza wa mavazi katika televisheni ya Japani. Kampuni iliyomtengeneza ilitoka kwenye biashara ya matangazo, na fedha zilikuwa haba. Vazi lake ni ushahidi wa hali hiyo: nguo nyeupe ya kubana, joho, kilemba, kitambaa cha kufunika mdomo na miwani ya jua. Picha zilichukuliwa kwa kamera ya milimita 16, na nyumba ya mkuu wa kampuni ikatumika kama mandhari ya tamthilia.

Koichi Ose, kijana ambaye bado hakuwa na jina, alimwigiza mpelelezi wa tamthilia hiyo na shujaa pia. Aliendesha pikipiki akiwa amezibwa pua na mdomo kwa kitambaa na macho kwa miwani myeusi. Tamthilia haikukiri waziwazi kwamba mpelelezi na shujaa ni mtu mmoja, na wimbo wa kufungulia kipindi ulibeba swali hilo katika jina lake: Gekko Kamen ni nani? Fumbo hilo lilikuwa tamu kwa watoto, na tangu hapo kutomjua mtu wa ndani kukawa sehemu ya starehe.

Mafanikio yalileta shida nyingine. Watoto walijifunga vitambaa shingoni na kuruka kutoka mahali pa juu, wengine wakaumia, na magazeti yakaishambulia tamthilia. Kipindi kilifungwa Julai 1959. Somo lililobaki ni kwamba mtoto humwamini shujaa kabisa.

Mtu mrefu ndani ya suti ya wapiga mbizi

Tsuburaya alianzisha kampuni yake mwaka 1963, na tarehe 17 Julai 1966 TBS ikaanza kurusha Ultraman. Mbunifu wa sura ya shujaa, Tohru Narita, alitaka kiumbe chenye mwili mwembamba na viungo virefu, kisichofanana na mtu aliyevaa gunia. Alimtaka Satoshi Furuya, mwigizaji wa Toho aliyezaliwa mwaka 1943, mrefu kuliko vijana wengi wa kizazi chake. Furuya alikuwa ameingia katika uigizaji ili aonekane. Alikuwa tayari amevaa mavazi ya viumbe katika tamthilia iliyotangulia, Ultra Q, na sasa akaombwa afiche uso wake kwa mfululizo mzima.

Vazi la Ultraman lilitokana na suti ya mpira ya wapiga mbizi. Suti hiyo imetengenezwa kuzuia joto la mwili lisipotee baharini. Studioni, mbele ya taa, ilifanya kazi hiyohiyo kwa ukamilifu. Zipu ilikuwa mgongoni, ikafichwa na pezi lililoshuka uti wa mgongo, kwa hiyo aliyeivaa hakuweza kuifungua mwenyewe. Barakoa ya kwanza iliundwa ili mdomo uweze kufunguka. Jambo hilo halikufaulu, na barakoa ikabaki na mikunjo mashavuni. Macho yaliyong'aa yalikuwa na taa ndani yake, na mwigizaji alichungulia kupitia matundu madogo yaliyotobolewa kwenye macho hayo.

Joto la studio lilikuwa na sababu yake ya kiufundi. Ultraman anasemwa kuwa na urefu wa mita 40. Ili mtu wa kawaida aonekane mkubwa kiasi hicho, kamera hukimbiza filamu kwa kasi kubwa kuliko kawaida. Filamu hiyo ikionyeshwa kwa mwendo wa kawaida, miondoko hupungua kasi, na maporomoko ya nyumba za karatasi na plasta huonekana mazito. Lakini kadiri filamu inavyokimbia ndivyo kila picha inavyopata mwanga kwa muda mfupi zaidi, na pengo hilo huzibwa kwa taa nyingi zenye nguvu. Ukubwa wa shujaa ulinunuliwa kwa joto, na aliyelipa ni aliyekuwa ndani.

Furuya alilazimika pia kujifunza kuganda. Mwale anaommalizia adui haukuwapo studioni; ulichorwa juu ya filamu baadaye na mafundi. Mikono ikitikisika, mwale ungeonekana kuyumba. Kwa hiyo mkao wa mwale, mkono wa kushoto umelala na wa kulia umesimama, aliufanyia mazoezi mbele ya kioo mara 300 kwa siku. Mkao wake wa kupigana, mgongo umeinama na magoti yamekunjwa, aliutoa kwenye pambano la visu la James Dean katika filamu ya Rebel Without a Cause ya mwaka 1955. Katika baadhi ya mapambano mpinzani wake alikuwa Haruo Nakajima mwenyewe, akiwa ndani ya wanyama wa kubuni kama Neronga na Jirass.

Kwa masimulizi ya Furuya, ulifika wakati akaamua kuacha. Akiwa kwenye basi njiani kwenda kazini, aliwasikia watoto wakizungumza kwa furaha habari za Ultraman, bila kujua kwamba amekaa karibu nao. Aliteremka akarudi kwenye vazi. Watazamaji wa kipindi walizidi asilimia 30, lakini utengenezaji haukuweza kwenda sambamba na ratiba ya kila wiki, na mfululizo ukafungwa Aprili 1967 baada ya sehemu 39. Katika Ultra Seven, iliyoanza Oktoba mwaka huohuo, Furuya alipata alichokitamani: alimwigiza askari Amagi, uso wazi. Vazi la shujaa likaenda kwa Koji Uenishi.

Jinsi vazi linavyofanya kazi

Waswahili husema adhabu ya kaburi aijuaye maiti. Mavazi ya mashujaa yamebadilika tangu miaka ya 1960, lakini shida zake za msingi ni zilezile, nazo zinaelezeka moja baada ya nyingine.

Ya kwanza ni macho. Kofia ngumu ya shujaa wa aina ya Kamen Rider au Super Sentai, mifululizo iliyoanza miaka ya 1970, hutengenezwa kwa nyuzi za kioo zilizogandishwa kwa gundi, na vioo vyake vya macho huwa vya rangi nzito ili uso wa ndani usionekane. Mwigizaji huona kupitia mwanya mwembamba. Ardhi iliyo chini ya miguu yake haioni kabisa. Pumzi yake mwenyewe hutia ukungu kwenye kioo. Anaporuka kutoka ukutani hupima kwanza hatua zake akiwa hana kofia, akazihesabu, kisha akazirudia gizani.

Ya pili ni masikio na pumzi. Kofia huundwa kwa vipande viwili vinavyofungwa na msaidizi, juu ya kitambaa kilichobana kichwa. Sauti ya mwongozaji hufika imefifia. Hewa huingia kwa matundu madogo ya mdomoni, na baada ya pambano la dakika chache mwigizaji hupumua hewa aliyoitoa mwenyewe. Ndiyo maana sauti ya kwanza baada ya picha kukatwa mara nyingi ni ya wasaidizi wanaokimbilia kufungua kofia.

Ya tatu ni nyenzo. Kwa kawaida shujaa mmoja huwa na mavazi ya aina mbili. Moja ni la picha za karibu, gumu, linalong'aa, lenye kila nakshi. Jingine ni la mapigano, lenye sehemu laini za mpira zinazoruhusu viungo kukunjika. Hata hili la pili humzuia mtu kujikinga anapoanguka, kwa kuwa mabega hayapandi na shingo haigeuki inavyotakiwa.

Ya nne ni hali ya hewa. Mfululizo wa kila wiki hautengenezwi kwa msimu. Kazi huendelea Agosti, wakati joto la Tokyo linapita nyuzi 30 na unyevu hauachi jasho likauke, na huendelea Januari, wakati kitambaa chembamba kilicholowa jasho hugeuka barafu mwilini kati ya picha moja na nyingine. Hakuna kwenda chooni pasipo kuvuliwa, na kuvuliwa hula muda wa kundi zima, kwa hiyo wengi hujifunza kupima maji wanayokunywa. Kujizuia huko ndiko kunakokaribisha kiharusi cha joto.

Juu ya yote hayo mtu wa ndani huigiza. Kwa miaka mingi sauti haikurekodiwa wakati wa kupiga picha. Maneno ya shujaa yaliingizwa baadaye na mwigizaji mwenye uso. Mtu wa ndani hutikisa kichwa na kupunga mkono kwa kila neno ili mtazamaji ajue ni nani anayesema, na mwenzake akaja studioni kupachika sauti juu ya miondoko hiyo. Huzuni na matumaini huonyeshwa kwa njia ileile ya Noh: kwa pembe ya barakoa dhidi ya mwanga.

Mfupa wa paja na kuzaliwa kwa mgawanyo

Tarehe 3 Aprili 1971 ilianza Kamen Rider, tamthilia ya kampuni ya Toei iliyobuniwa pamoja na mchoraji Shotaro Ishinomori. Mwanzoni mgawanyo wa watu wawili haukuwa kamili. Hiroshi Fujioka, stelingi wa tamthilia, alivaa vazi na kuendesha pikipiki yeye mwenyewe katika sehemu za mwanzo. Kabla hata sehemu ya kwanza haijarushwa, alipata ajali ya pikipiki wakati wa kupiga picha na kuvunjika mfupa wa paja la kushoto.

Ajali hiyo ilifichua jinsi shujaa mwenye barakoa anavyoweza kuendelea bila mwenyewe. Sehemu zilizofuata zilishonwa kwa picha za zamani za Fujioka, sauti ikatiwa na mwigizaji mwingine, na ndani ya vazi akaingia mtu wa tatu. Kisha, Julai 1971, akaletwa Rider wa pili aliyeigizwa na Takeshi Sasaki. Sasaki hakuwa na leseni ya pikipiki. Kwa kuwa hakuweza kugeuka shujaa kwa kupigwa na upepo akiwa juu ya pikipiki kama mtangulizi wake, alitungiwa mkao wa mikono na neno moja la kutamka: henshin, geuka. Watoto wa Japani nzima wakaanza kugeuka mbele ya vioo vya nyumbani. Fujioka alirudi, na tamthilia ikaendelea hadi Februari 1973, sehemu 98 kwa jumla.

Baada ya hapo ilikuwa vigumu kwa kampuni yoyote kuhatarisha uso unaotegemewa na mfululizo mzima. Mwenye uso alilindwa, na hatari ikahamishiwa kwa asiye na uso.

Vikundi vya wapiganaji

Mapigano ya Kamen Rider yaliandaliwa na Ono Kenyukai, kikundi cha vijana waliofunzwa mapigano ya panga ya jukwaani. Walikuwa wachache na kazi ilikuwa nyingi, kwa hiyo kijana mmoja aliweza kuvaa vazi la askari wa adui, akauawa, akabadilisha vazi na kurudi kuuawa tena. Tetsuya Nakayashiki, mmoja wao, aliwavaa Kamen Rider kadhaa wa miaka ya 1970.

Mwaka 1970 mwigizaji Shin'ichi Chiba, anayejulikana nje ya Japani kwa jina la Sonny Chiba, alianzisha Japan Action Club ili kulea waigizaji wanaoweza kupigana, kuanguka na kupanda farasi kwa viwango vya kimataifa. Klabu hiyo, ambayo baadaye iliitwa Japan Action Enterprise, ikawa chemchemi kuu ya watu wa ndani wa Toei. Kijana aliyejiunga alianza na sarakasi na kuanguka kwenye godoro, akaendelea na maonyesho ya jukwaani, kisha akapewa vazi la askari asiye na jina. Vazi la shujaa lilikuja baada ya miaka.

Aprili 1975 ilianza Himitsu Sentai Gorenger, iliyozaa Super Sentai, mashujaa watano wa rangi tano. Sasa kila tamthilia ilihitaji watu wa ndani watano kwa mpigo, pamoja na maadui. Kazuo Niibori, aliyetoka Ono Kenyukai, alimvaa shujaa mwekundu mwaka hadi mwaka hata akaitwa Bwana Mwekundu. Mwaka 1979, katika Battle Fever J, liliongezwa jitu la chuma la kupanda mashujaa wote, na likabaki kuwa desturi. Vazi la jitu hilo ni masanduku yaliyounganishwa. Magoti hayakunjiki, na aliyeanguka chali huinuliwa na wenzake. Hideaki Kusaka aliyavaa mengi ya majitu haya kwa miaka mingi.

Mashujaa wa kike walivaliwa kwa kawaida na wanaume. Wanawake waliofunzwa michezo ya hatari walikuwa wachache, na hakuna aliyeona ajabu katika nchi yenye onnagata. Mwanamume huyo alijifunza kupunguza hatua, kukaza viwiko karibu na mbavu na kuelekeza magoti ndani hata anapopiga teke. Kadiri wanawake walivyozidi kuingia katika vikundi vya mafunzo, nafasi hizo zilianza kurudi mikononi mwao, ingawa desturi ya zamani haijaisha.

Mapambano makubwa yalipigwa picha kwenye machimbo ya mawe, mbali na makazi ya watu, kama vile Yorii mkoani Saitama na mlima Iwafune mkoani Tochigi. Sababu ni baruti. Mafundi hufukia milipuko ardhini, na mashujaa hukimbia katikati yake au kusimama wakiipa mgongo. Mtu asiyeona miguu yake lazima akariri mahali pa kila mlipuko, kwa kuwa kosa la nusu hatua haliwezi kusahihishwa. Joto la moto hupita kwenye kitambaa, vumbi huingia kwa matundu ya mdomo, na picha haiwezi kurudiwa kwa urahisi, kwani baruti ikishalipuka imelipuka.

Kutotajwa jina

Kwa miongo kadhaa jina la mtu wa ndani halikuwa na mahali pa kukaa. Mwishoni mwa kipindi liliandikwa jina la kikundi, au orodha ya majina bila kueleza nani alimvaa nani. Sababu iliyotolewa ilikuwa mtoto: akisoma kwamba aliyepigana ni mwingine, shujaa angevunjika vipande viwili. Mtu wa ndani aliyekutana na watoto wa ndugu zake hakupaswa kujisifu, na wazazi wengi waliona kazi ya mtoto wao bila kumwona.

Nidhamu hiyo ilikuwa kali zaidi kwenye maonyesho ya jukwaani. Tangu miaka ya 1970 bustani ya burudani ya Korakuen, Tokyo, iliandaa maonyesho ya mashujaa mbele ya watoto wa kweli, desturi inayoendelea mahali hapo katika ukumbi wa Theatre G-Rosso uliofunguliwa mwaka 2009. Hapo hakuna kukata picha. Shujaa akiumia hukamilisha pambano. Akimaliza husimama kwenye foleni ya kupeana mikono, ambapo watoto humkumbatia, humpiga ngumi kupima kama ni wa kweli, na huitafuta zipu yake. Kuvua kichwa mbele ya mtoto ni mwiko wa kwanza wa kazi.

Matokeo yake yalikuwa kitendawili cha maisha. Mwenye uso huvaa jina la shujaa kwa mwaka mmoja kisha akaenda kwenye tamthilia za watu wazima. Mtu wa ndani hubaki: mwaka huu shujaa, mwaka ujao adui, na umri ukisogea huenda kupanga mapigano ya wenzake. Osamu Kaneda ni mfano wa njia hiyo. Alitoka katika kizazi cha mwanzo cha klabu ya Chiba, akawa mwongozaji wa mapigano na filamu, na hatimaye akaongoza kampuni yenyewe. Wengi hawakufika huko. Kwao mwisho wa kazi uliamuliwa na goti au mgongo.

Kizazi cha Takaiwa

Seiji Takaiwa, aliyezaliwa mwaka 1968, ndiye aliyebadilisha zaidi hali ya kutojulikana. Alifunzwa katika Japan Action Club, akafanya kazi kwenye Super Sentai, na kuanzia Kamen Rider Agito ya mwaka 2001 akawa Rider mkuu karibu kila mwaka, hadi Kamen Rider Zi-O ya 2018 na 2019, alipokuwa na umri wa miaka 50.

Ustadi wake ulionekana wazi zaidi katika Kamen Rider Den-O ya mwaka 2007. Shujaa wa tamthilia hiyo, aliyeigizwa na Takeru Satoh, ni kijana mwoga anayepandwa na pepo wa tabia mbalimbali, na kila pepo akimpanda hubadilika. Takaiwa alilazimika kuonyesha, kwa mwili tu, kijana mwoga ndani ya vazi la shujaa, kisha pepo mkorofi ndani ya vazi hilohilo. Alimtazama Satoh anavyosimama, mabega yanavyolegea na mikono inavyoning'inia, akaupeleka udhaifu huo ndani ya vazi. Watazamaji waliokuwa wamekua na tamthilia hizi walianza kutafuta jina lake, magazeti ya mashabiki yakamhoji, na mtu wa ndani akawa na mashabiki wake mwenyewe.

Umaarufu wa mmoja haukuondoa udhaifu wa kazi. Wengi wa waigizaji hawa ni watu wa kujitegemea, na sheria ya Japani ya bima ya ajali kazini ilitungwa kwa ajili ya walioajiriwa. Mwigizaji aliyevunjika mguu alitegemea makubaliano na huruma. Aprili 2021 serikali iliwafungulia wasanii wa kujitegemea mlango maalumu wa kuingia katika bima hiyo, kwa sharti kwamba wajilipie wenyewe. Hatari ya joto nayo ilikuwa imekumbushwa kwa uchungu mwaka 2019, pale kijana aliyekuwa akifanya mazoezi ya dansi ndani ya vazi la kinyago, katika bustani ya burudani mkoani Osaka, alipofariki kwa kiharusi cha joto. Hakuwa wa televisheni, lakini kazi ni moja.

Kutajwa, na miili isiyo na vazi

Heshima ilianza kurudi kwa walioanzisha kazi. Furuya alichapisha kumbukumbu zake mwaka 2009 na Nakajima mwaka 2010. Nakajima alifariki Agosti 2017 akiwa na umri wa miaka 88, baada ya kualikwa mara kwa mara na mashabiki wa ng'ambo waliotaka kumwona uso. Mwaka 2014 filamu ya In the Hero ilimfanya mtu wa ndani kuwa mhusika mkuu. Mhusika huyo aliigizwa na Toshiaki Karasawa, ambaye ujanani alifanya kazi hiyohiyo kabla ya kuwa nyota.

Wakati huohuo kompyuta ilianza kuchukua nafasi ya mpira. Katika Shin Godzilla ya mwaka 2016 hakuna mtu ndani ya mnyama. Miondoko yake ilinaswa kutoka mwilini mwa Mansai Nomura, mwigizaji wa kyogen, sanaa inayoshiriki jukwaa moja na Noh. Katika Shin Ultraman ya mwaka 2022, mmoja wa walionaswa miondoko ni Satoshi Furuya, miaka 56 baada ya suti ya wapiga mbizi. Safari hii hakukuwa na zipu mgongoni wala taa machoni, na jina lake liliandikwa.

Televisheni ya kila wiki imeendelea kutumia mavazi. Kumvisha mtu bado ni haraka na nafuu kuliko kumchora shujaa kwa kompyuta wiki baada ya wiki, na shujaa wa kompyuta hawezi kusimama kwenye foleni na kupeana mkono na mtoto. Kwa sababu hizo mbili mtu wa ndani yupo bado, akihesabu hatua zake kabla kofia haijafungwa.